Pilingi ya asidi 30% nyumbani: nianzie wapi bila kujibabua uso?

NyotaYaPangani

Habari za humu, wakuu. Naomba wenye utaalamu wa ngozi au wa vipodozi wanisaidie kuhusu pilingi, yaani kubandua tabaka la juu la ngozi kwa asidi. Shuhuda za "nilipaka nikang'aa" nimeshasoma za kutosha.

Ngozi yangu ni maji ya kunde iliyokolea, ina mafuta kwenye paji na pua, mashavu yanaelekea ukavu. Chunusi zenyewe zimetulia, zinatoka mbili tatu kabla ya siku zangu. Tatizo ni madoa meusi yaliyobaki mashavuni na kidevuni, mengine yana miezi minane. Mashimo hakuna.

Nilichonacho ni chupa ya mililita 30 iliyoandikwa asidi ya glaikoliki 30%. pH haijaandikwa, orodha ya viambato haipo, na maelekezo ni mstari mmoja: paka, subiri dakika 10, osha. Muuzaji anasema nikiogopa niizimue kwa maji. Natumia pia tretinoini 0.025%, dawa ya chunusi ya kupaka, usiku mara tatu kwa wiki, na losheni ya kukinga jua ya SPF 50.

Nataka kujua kama hiyo chupa inafaa kutumika nyumbani, nikiizimua nizimue kwa kiasi gani, na hatua zenyewe zinakwendaje tangu kunawa mpaka kulala. Nina sherehe wiki tatu zijazo, kwa hiyo kama kuna haraka mseme.

---

Mkemia_Vipodozi

Dada Nyota, tuanze na chupa. Hiyo 30% inakwambia asidi imo kwa wingi gani. Ukali wake unauona kwenye pH, ambayo ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi, na ndiyo namba waliyoificha.

Glaikoliki ni asidi dhaifu. Inayopenya ngozi ni ile sehemu ambayo bado haijageuka chumvi, tuiite asidi huru. pH ikiwa 3.8, karibu nusu ya asidi iko huru. Kwa hiyo dawa ya 10% yenye pH 3.8 inafanya kazi kama 5%, na dawa ya 10% yenye pH 2 inafanya kazi kama 10% yote. Kwa anayesoma lebo tu, hizo mbili ni pacha.

Marekani kuna jopo la CIR linalopitia usalama wa viambato vya vipodozi. Mpaka wake kwa glaikoliki na laktiki za kutumia mwenyewe nyumbani ni asidi isiyozidi 10%, pH isiyopungua 3.5, na mtumiaji ajikinge na jua. Kwa saluni, mikononi mwa aliyefunzwa, ni hadi 30% na pH isiyopungua 3.0, kwa muda mfupi na kuosha kwa maji mengi. Maana yake hata kama chupa yako ina pH nzuri, imegota kwenye dari la saluni. Na Julai 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu wasinunue wala kujipaka pilingi kali za TCA (asidi ya trikloroasetiki), glaikoliki, salisiliki na laktiki bila mtaalamu, kwa sababu zinaunguza mpaka watu wanahitaji kutibiwa.

Sasa hilo la kuzimua. Muuzaji anadhani asidi ni kama sharubati ya ukwaju, ukiongeza maji ukali unapungua kwa kiasi hichohicho. Asidi dhaifu haiendi hivyo. Glaikoliki ya 30% isiyorekebishwa inakaa kwenye pH 1.6 hivi. Chukua sehemu moja, tia maji sehemu mbili, umepata 10%, lakini pH imepanda hadi 1.8 au 1.9 tu. Hata ukizimua mara kumi, pH inapanda kwa nusu namba tu, yaani 0.5. Utakuwa na 10% ambayo karibu yote ni asidi huru, yaani mara mbili ya nguvu ya ile 10% iliyotengenezwa vizuri kiwandani. Na usijaribu kuipandisha pH mwenyewe kwa kutia soda kidogokidogo. Bila mizani ya gramu na kipimo cha pH cha kuaminika hujui umefika wapi.

Pima kwanza. Litmasi za shule hazitoshi, zinakwambia ni asidi au besi basi. Nenda duka la vifaa vya maabara, omba vipande vya pH vya kipimo cha 0 hadi 6, au vile vya 0 hadi 14 vyenye miraba kadhaa ya rangi kwenye kila kipande. Mimina matone mawili matatu kwenye kijiko cha plastiki, gusisha kipande, linganisha rangi kwenye mwanga wa mchana. Usichovye kipande ndani ya chupa, na usimimine kwenye kifuniko cha alumini.

Ikisoma chini ya 3, usiipake. Ikisoma 3 na kuendelea, bado ni 30%, mpe mwenye saluni inayojua kazi yake.

---

AfisaNgozi

Mkemia kamaliza upande wa chupa, mimi niseme upande wa ngozi.

Kwenye ngozi yenye rangi, kubanduka si tatizo kubwa. Tatizo ni doa jipya. Seli zinazotengeneza melanini zikichokozwa na moto wa aina yoyote, iwe chunusi, jua, kucha au asidi, zinamwaga rangi zaidi. Pilingi kali inaweza kufuta doa la chunusi lenye ukubwa wa punje ya mtama ikakuachia baka la ukubwa wa kiganja, na baka hilo linachukua miezi kufifia. Sherehe ya wiki tatu isahau kabisa. Pilingi ya kwanza haifanywi karibu na siku ambayo huwezi kuiahirisha.

Kwa sababu hiyo ningechagua asidi nyingine. Molekuli ya glaikoliki ndiyo ndogo kuliko zote za kundi lake, inazama haraka na pengine bila usawa, huku imezama, kule bado. Ya laktiki ni kubwa kidogo. Ya mandeliki ina uzito mara mbili ya glaikoliki, kwa hiyo inaingia polepole na ukichelewa nusu dakika haikuadhibu. Mandeliki au laktiki ya 10% yenye pH 3.5 hadi 4 iliyoandikwa kwenye lebo inatosha kabisa nyumbani. Salisiliki inayeyuka kwenye mafuta, inaingia kwenye matundu yaliyoziba, kwa hiyo ni nzuri kwa chunusi zenyewe, ila nyumbani ishia 2%. TCA na fenoli usiziguse. TCA inagandisha protini ya ngozi kama yai linavyogeuka jeupe kikaangoni, na ikishagandisha hakuna cha kuizima. Fenoli inaingia kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo.

Kingine ambacho maelekezo ya vifurushi vya nje hayakusaidii: wanaandika "osha ukiona wekundu". Kwenye ngozi yako wekundu hautauona, au utauona umechelewa. Angalia haya badala yake. Ngozi ikianza kung'aa kama imepakwa varnishi, au ikikaza, au sehemu moja ikipata joto kuliko nyingine ukiipitisha mgongo wa mkono karibu bila kugusa, au ikielekea uzambarau, osha. Ukiona weupe wa chaki umetokea mahali, umepitiliza, osha hapohapo. Rangi ya kijivu ni kuungua, hiyo unaosha kisha unakwenda hospitali.

Tretinoini iache siku 7 kabla, na usiirudishe mpaka ngozi imetulia kabisa, kwa kawaida siku 5 hadi 7 baada. Inalainisha tabaka la juu, asidi ikija inakuta mlango wazi. Lakini ningekuuliza kwanza kwa nini ni mara tatu tu kwa wiki. Tretinoini hiyohiyo ikivumilika kila usiku, na losheni ya jua kila asubuhi, kwa miezi kadhaa, inafifisha madoa ya aina yako, bila hatari hii yote. Pilingi ni nyongeza.

Wasiofanya nyumbani: aliyetumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini ndani ya miezi 6, mwenye makovu yanayovimba ya keloidi, mwenye kidonda au ukurutu usoni, na mwenye malengelenge ya mdomoni yanayorudi rudi, kwa sababu pilingi inaweza kuyaamsha yakasambaa. Salisiliki aepuke mjamzito na yeyote mwenye mzio wa aspirini, ni ndugu wa damu hao.

---

Mvita_Fesho

Dadangu, hatua zenyewe hizi. Nazungumzia laktiki au mandeliki ya 10%, hiyo chupa yako iache ilipo.

Jaribio kwanza. Paka tone nyuma ya sikio au chini ya taya, eneo la upana wa sarafu, muda uleule utakaouacha usoni, osha, kisha ngoja saa 48. Wengi hungoja usiku mmoja wakaridhika. Weusi hauji usiku mmoja.

Wiki nzima kabla: hakuna kusugua uso, hakuna singo, hakuna liwa yenye chengachenga, hakuna uzi wala nta kwenye nyusi na mdomo wa juu, hakuna dawa ya kulainisha nywele. Ile dawa ina pH ya 12 na zaidi, ikigusa ukingo wa paji inaacha ngozi imechubuka usiyoiona, na hapo ndipo asidi huuma siku ya pili. Ndevu pia zisinyolewe siku hiyo wala jana yake.

Fanya usiku, ukiwa hutoki tena na hupiki tena. Joto la jiko la mkaa na jasho juu ya ngozi iliyotoka kupakwa ni kuchokoza.

Kabla hujafungua chupa, jaza maji. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu ndipo watu huumia: asidi iko usoni, unakwenda bombani, maji hakuna. Weka ndoo ya lita 10 iliyojaa, kopo lake, taulo safi, na saa ya simu imeshawekwa dakika lakini haijaanzishwa. Mlango wa bafu wazi, taa imewashwa.

Nawa kwa sabuni laini isiyo na chenga, mara moja tu. Kausha kwa kugandamiza taulo, kisha ngoja dakika 10 hadi 15 ngozi ikauke kabisa, maana ngozi mbichi hunywa asidi haraka na bila usawa. Chukua mafuta ya mgando kwa ncha ya pamba, paka pembe za macho, mikunjo ya pua pande zote mbili, pembe za mdomo na midomo yenyewe. Kijipele kilichopasuka nacho kifunike. Usipake mafuta hayo kwingine kwa bahati mbaya, palipopata mafuta asidi haifiki na utatoka na uso wa mabaka.

Kipimo ni mililita 2 kwa uso mzima, haizidi nusu kijiko cha chai. Ivute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uimimine kwenye kikombe kidogo cha glasi. Chovya kitambaa cha shashi kilichokunjwa mara nne, kamua mpaka kisidondoke. Pamba hushika maji mengi na kuyaachia pasipotakiwa, na nyuzi zake hubaki usoni zikiwa na asidi.

Anzisha saa unapogusa ngozi mara ya kwanza, usingoje mpaka umalize kupaka. Paji kwanza, kisha pua, kidevu, mashavu mwisho kwa kuwa yako ni makavu. Mkupuo mmoja kila mahali, usirudie palepale, usisugue. Kope na chini ya jicho ndani ya ule mfupa usiguse. Ukimaliza yote isizidi sekunde 30. Jicho likitoa chozi, likaushe na karatasi laini mara moja. Chozi likiteremka shavuni huchukua asidi na kuacha mchirizi, na hurudi nayo jichoni pia.

Mara ya kwanza dakika moja, basi. Mwasho wa kuchomachoma wa kiasi cha 3 kwa 10 ni kawaida, ukifika 5 au ukawa wa moto mahali pamoja, osha bila kuangalia saa. Kuosha ni kwa maji ya baridi ya kawaida, mengi, macho yamefumbwa, makopo 15 hadi 20, ukiinama ili maji yasiteremke shingoni. Watu humwaga makopo matatu wakaona yametosha.

Asidi ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20 huku jicho limefunguliwa kwa vidole, kisha hospitali hata kama limetulia.

Baada ya hapo losheni nzito isiyo na manukato au mafuta ya mgando membamba. Siku 5 za mbele hakuna asidi, hakuna vitamini C, hakuna spiriti. Ngozi ikianza kupukutika kama unga kwenye kidevu siku ya tatu, paka losheni tu. Usiibandue. Kipande kinachoning'inia kimeshikwa upande mmoja na ngozi ambayo haijawa tayari, ukikivuta umejitengenezea doa.

Ngoja wiki mbili kamili. Kama hakuna doa jipya, mara ya pili dakika mbili. Ongeza dakika moja kila mara, ukomo dakika tano. Ukifika mara ya sita bila mabadiliko, asidi hiyo si dawa ya madoa yako, na kuongeza dakika hakutasaidia.

---

AfisaNgozi

Mvita, umeeleza vizuri sana. Naongeza jua tu, kwa sababu ndipo kazi nzima inapoharibikia. Ngozi iliyopakwa asidi hizi inaungua na jua kirahisi zaidi, na hali hiyo inabaki mpaka wiki moja baada ya kuacha. SPF 50 yako ni nzuri ikiwa unapaka kiasi. Kamua mstari kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kuanzia chini mpaka ncha: hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Ukiwa nje rudia kila saa mbili. Ukipata yenye rangi, ile inayofanana na fondesheni, chukua hiyo. Rangi yake ni oksidi ya chuma, inazuia mwanga wa kawaida unaoonekana, na kwenye ngozi nyeusi mwanga huo nao unakoza madoa. Losheni nyeupe nyingi haziuzuii.

Na kofia yenye ukingo. Dereva wa bodaboda akivaa helmeti iliyofunguliwa kioo asijihesabu amejikinga.

---

Baharia_22

Wakuu, samahani kuingilia. Mimi shida ni vipele vya ndevu shingoni, kila nikitoka kwa kinyozi. Asidi hizi zinasaidia au ni za akina dada?

---

Mvita_Fesho

Zinasaidia, ngozi haina jinsia. Vile vipele ni nywele za kipilipili zilizokatwa karibu mno zikajikunja na kuingia ndani tena. Asidi hulegeza ngozi iliyoziba mdomo wa tundu, nywele zikatoka. Kwako isiwe pilingi ya kuosha, tumia losheni ya glaikoliki 5% hadi 8%, au salisiliki 2%, usiku mmoja, ukiruka mmoja. Usipake usiku wa siku uliyonyoa, na mwambie kinyozi asimwage spiriti. Muhimu kuliko asidi yote, anyoe kwa mashine akiacha milimita moja, asipitishe wembe, na asivute ngozi. Vikishakuwa vigumu na kuvimba kisogoni, usiviguse kwa asidi, hivyo huenda ni keloidi zinazoanza. Nenda kliniki.

---

NyotaYaPangani

Nashukuru sana, nimejifunza mengi. Maswali mawili yamebaki. Kwanza, kuna sehemu wanasema uwe na maji ya soda ya kuzima asidi. Nyumbani kuna magadi, yanafaa? Pili, nilisahau kusema: kwenye mashavu nimekuwa nikipaka krimu fulani ya kung'arisha tangu mwezi wa kwanza, ya kopo, haina lebo, nilichanganyiwa dukani. Siipaki kila siku. Nayo niiache siku 7 kama tretinoini?

---

Mkemia_Vipodozi

Magadi hapana! Magadi ya maharage yana kabonati, ukiyayeyusha majini yanapanda kwenye pH ya 10 au 11. Utakuwa umetoka kwenye moto wa asidi ukaingia kwenye moto wa besi. Kinachosemwa ni bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea, ambayo majini inakaa karibu na 8.3. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 5, kwenye nusu lita ya maji, ni 1%.

Hata hiyo kwa laktiki au mandeliki ya 10% si lazima, maji mengi yanatosha. Ukiitumia iwe imeyeyuka, na iwe baada ya makopo ya kwanza ya maji. Ukipaka unga mkavu juu ya asidi unafoka na kutoa povu, na chenga zake zinakwangua. Na pilingi ya salisiliki isiyo ya maji bali ya pombe haihitaji kuzimwa: pombe ikiruka inaacha fuwele nyeupe kama chumvi juu ya ngozi na kazi inakoma. Wengi wanaona fuwele hizo wakadhani wameungua. Zinafutika kwa kitambaa kibichi. Weupe wa kuungua haufutiki.

---

AfisaNgozi

Dada Nyota, hilo la pili lingekuja la kwanza. Hiyo ni mkorogo, na inabadilisha jibu lote.

Makopo ya kuchanganyiwa mara nyingi yana steroidi kali kama klobetasoli, haidrokwinoni, au zebaki, na pengine zote pamoja. Zebaki kwenye vipodozi ilipigwa marufuku na Mkataba wa Minamata, kwanza kwa vyenye zaidi ya sehemu 1 kwa milioni tangu 2020, lakini kopo lisilo na lebo halijui mikataba. Steroidi inakondesha ngozi. Ngozi iliyokonda ikipewa dakika moja ya laktiki inaweza kupata ya dakika tano, tena mashavuni tu, paji likiwa salama. Haidrokwinoni ya muda mrefu nayo huleta weusi wenye ububluu na chengachenga, kama masizi yaliyomwagika chini ya ngozi. Huo asidi haiufuti, inauchokoza.

Kwa hiyo siku 7 hazihusiki. Usifanye pilingi yoyote kwa sasa, na tretinoini nayo isimamishe mashavuni. Krimu hiyo usiiache ghafla peke yako kama ulikuwa unaipaka mara nyingi kwa wiki, maana steroidi ikikatwa ngozi hurudi na moto: joto, kuwasha, chunusi ndogondogo za usaha zinazofanana, zote kwa pamoja. Watu wengi hapo huirudia krimu wakidhani ndiyo dawa. Beba kopo lenyewe uende kliniki ya ngozi. Muhimbili ipo, KCMC Moshi ipo na ndiko maafisa wa ngozi wengi wa hospitali za mikoa wamesomea, hivyo ulizia hata hospitali ya mkoa wako. Atakupangia namna ya kushuka. Mpaka hapo ni sabuni laini, losheni isiyo na manukato, na losheni ya jua.

Kipimo cha haraka cha kukusaidia kumweleza daktari: angalia mashavu kwa mwanga wa dirishani. Ukiona vimishipa vyekundu vyembamba, vinyweleo vipya, au vifundo vya vidole vyeusi kuliko mkono kama na huko ulipaka, mwambie.

---

NyotaYaPangani

Vimishipa vipo, upande wa kulia. Sikuwa nimevijua ni nini. Kliniki nimepata nafasi Jumanne.

Vipande vya pH navyo nimepata leo. Chupa imesoma kati ya 1 na 2, rangi ilikuwa karibu zaidi na 1. Muuzaji hairudishi hela. Niimwage tu chooni?

---

Mkemia_Vipodozi

Usiimwage kavukavu, na usiigawe kwa mtu.

Vaa glovu na miwani. Tumia ndoo ya plastiki, siyo sufuria ya alumini. Weka maji lita 5, kisha mimina asidi kwenye maji polepole, mililita zote 30. Hapo kuna gramu 9 hadi 10 za asidi, zinataka gramu 10 hadi 11 za soda ya kuokea, kwa hiyo vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa na robo. Nyunyiza kidogokidogo, itatoa povu, ngoja litulie kabla ya kuongeza. Ukinyunyiza na povu halitoki tena, chovya kipande cha pH cha 0 hadi 14. Kikisoma 6 hadi 8, mwaga chooni na maji ya kutosha.

Chupa isuuze mara tatu, maji hayo uyamwage humohumo ndani ya ndoo kabla hujapima, kisha bandua lebo uitupe. Ila kopo la mkorogo usilitupe, hilo nenda nalo Jumanne.